Wodini ni Kiitaliano: mhadhara kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao

Shikamooni wazazi. Vijana, karibuni. Najua wengi mmekuja na daftari mkisubiri ada na tarehe za maombi. Tutafika huko. Kwanza kuna jambo nalisema kila ninapoalikwa, na bado kila mwaka vijana wanapanda ndege bila kulisikia.

Mkiambiwa kwamba vyuo vikuu vya umma vya Italia, iwe Pavia, Bologna, Milano au Bari, vinafundisha udaktari kwa Kiingereza, ni kweli. Mihadhara, vitabu na mitihani ni Kiingereza. Lakini kozi ni ya miaka 6, na miaka ya mwisho mnaishi wodini. Wodini ni Kiitaliano.

Nilimwona binti mmoja, hodari kabisa, amesimama kando ya kitanda cha bibi wa miaka zaidi ya 80. Bibi anaeleza maumivu yake: yalianza lini, yanashukia wapi, yanazidi akila au akilala. Historia yote ya ugonjwa inatoka mdomoni mwake, na binti anaitikia kwa kichwa tu. Daktari bingwa alipofika na kumuuliza, alikuwa na majibu ya damu peke yake. Na bibi, alipoona haeleweki, alikuwa ameshanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma. Binti alikuwa na akili za kumsaidia, na mgonjwa alikuwa tayari kusema.

Kuna atakayesema, "Daktari, si Wazungu wote wanajua Kiingereza?" Hapana! Mzee wa kijijini Lombardia, mkoa ulipo mji wa Pavia, hana Kiingereza, na wengine hata Kiitaliano wanakichanganya na lugha ya kwao, kama mzee wa Shinyanga anayefika hospitali na Kisukuma chake. Nanyi mnalijua hili tangu utotoni. Muhimbili mwanafunzi anafundishwa kwa Kiingereza, lakini akifika kitandani anauliza, "Mama, tumbo linakata au linachoma?" Nani amewahi kumhoji mama wa Mbagala kwa Kiingereza? Basi kwa nini tudhani bibi wa Pavia hastahili hivyo hivyo?

Mwingine atasema chuo kina madarasa ya Kiitaliano. Ndiyo, vyuo vingi vinayo. Ila ukiyaweka kiporo hadi mwaka wa tatu, patholojia, somo la magonjwa, nayo itakuwa imekukaba. Anza sasa, unaposubiri matokeo.

Wala si jambo jipya. Kozi ya Kiingereza ya Pavia, iliyoanza 2009, imepewa jina la William Harvey, yule Mwingereza aliyechapisha maelezo ya mzunguko wa damu mwaka 1628. Harvey alisoma Italia, Padova, akahitimu 1602, na masomo yalikuwa kwa Kilatini. Lakini tangu karne ya 16 walimu wa Padova walikuwa wakiwapeleka wanafunzi vitandani katika hospitali ya San Francesco, na maskini waliolazwa pale hawakuwa watu wa Kilatini.

Tena tangu 2020 sheria imebadilika. Shahada yenyewe ndiyo inayokupa haki ya kuwa daktari kule, na mazoezi ya miezi 3 yameingizwa ndani ya masomo: mwezi mmoja magonjwa ya ndani, mmoja upasuaji, mmoja kwa daktari wa familia. Anayekusimamia ndiye anayekupima. Huyo daktari wa familia yuko mtaani na wagonjwa wake, wengi wao wazee. Utajificha nyuma ya nani?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Mtihani wa kujiunga ni IMAT: maswali 60, dakika 100. Jibu sahihi ni alama 1.5, kosa linakukata 0.4, ukiacha wazi ni sifuri, kwa hiyo usibahatishe ovyo. Biolojia peke yake imekuwa na maswali 23. Aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, asiidharau. Mnashindania nafasi zilizotengwa kwa wasio raia wa Umoja wa Ulaya, na zinagawiwa kwa alama. Kwa hiyo mtu akikwambia ana nafasi ya kukuuzia, huyo ni tapeli, mwacheni hapo hapo.

Katika vyuo vingi ada inapangwa kwa kipato cha familia. Wazazi, hati za mapato anzeni kuzitafuta mapema, maana lazima zitafsiriwe na kuthibitishwa, na hizo hizo ndizo zinazotumika kuomba ufadhili wa mkoa wa Italia kilipo chuo. Ufadhili huo upo, na wengi wanaukosa kwa sababu karatasi zimechelewa.

Nilitaka niseme pia juu ya kurudi nyumbani, shahada kutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, lakini muda umeniishia. Anayetaka kuipitia orodha ya hati abaki, tutaipitia moja moja. Sasa maswali, na tuanze na wale ambao wameshaanza Kiitaliano. Nyoosheni mikono.