Kimya cha Mkutanoni: Hulka ya Meneja, Utamaduni na Mkataba wa Msimu
(Mhadhara kwa wasimamizi wa kazi, Malindi)

Asalaam aleikum. Na nyote mliobaki, hamjambo? Nimeambiwa humu mmo watu wa hoteli, wa mashua za watalii, wa viwanda vya chumvi kule Gongoni, na wawili watatu wa benki. Nitasema zaidi na wa hoteli kwa kuwa ndio wengi. Wengine mtajitafutia yenu humo humo.

Kuna kesi moja ambayo kila mwenye kazi Malindi anaijua. Meneja mgeni, tuseme Mtaliano, anauliza mkutanoni, “Kuna tatizo?” Watu kimya. Wiki ya pili friji ya samaki inazima, na inabainika kwamba fundi, mpishi na hata mlinzi wa usiku walijua zamani kuwa mashine inakoroma. Meneja anasema, “Ndio utamaduni wenu, hamsemi.” Wafanyakazi nao wakitoka nje wanasema, “Yule hulka yake ni ukali, utamwambia nini?” Kila upande umepata wa kumlaumu, samaki wameoza.

Tuanze na hilo la utamaduni. Mtu aliyelipa sifa ya kisayansi ni Mholanzi, Geert Hofstede, aliyefanya kazi IBM, kampuni ya kompyuta. Kati ya 1967 na 1973 kampuni hiyo ilikusanya dodoso zaidi ya 100,000 kwa wafanyakazi wake wa nchi mbalimbali, naye akazifanyia hesabu. Kipimo chake kimoja ni umbali wa madaraka, yaani watu wa chini wanaichukulia kwa kiasi gani tofauti ya cheo kuwa jambo la kawaida; namba ikiwa kubwa, wanaikubali zaidi. Afrika Mashariki ilipata 64, Italia 50, Uingereza 35, Denmark 18. Kwa hiyo huyo Mtaliano anayetushangaa, kwao nako si Denmark.

Lakini tazameni ndani ya hiyo 64. Kenya haikupewa namba yake. Tulikusanywa pamoja na Tanzania, Zambia na Ethiopia. Waliojibu ni waajiriwa wa kampuni ya kompyuta, si mpishi wa hoteli pale Silversands wala kibarua wa chumvi. Na kipimo chenyewe kilitokana na maswali matatu. Mawili yaliuliza mkubwa wako ni wa namna gani, na ungependa awe wa namna gani. La tatu, kwa ufupi, liliuliza: wafanyakazi huogopa mara ngapi kuonyesha kwamba hawakubaliani na mkubwa wao?

Huogopa! Hilo ni neno la dodoso, sikulitia mimi. Sasa hofu ina sababu, na sababu nyingine ziko kwenye faili la ofisi. Hofstede mwenyewe alionya kwamba namba zake zinaeleza jamii, si mtu mmoja mmoja. Onyo hilo wanaozitumia hulisahau mapema sana.

Hulka je? Wanasaikolojia wengi leo huipima kwa mambo matano: hamu ya mambo mapya, utaratibu, uchangamfu, upole na wasiwasi. Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake walijumlisha tafiti nyingi wakakuta uchangamfu ndio unaoambatana zaidi na uongozi. Wachangamfu, msishangilie bado. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa maduka 57 ya pizza Marekani (na pizza, Malindi hatufundishwi na mtu). Pale wafanyakazi walipokuwa wa kungoja kuambiwa, meneja mchangamfu alileta faida zaidi. Pale walipokuwa wenye mawazo yao, faida ilikuwa ndogo chini ya mchangamfu kuliko chini ya mtulivu. Mchangamfu hujaza ukumbi kwa sauti yake, naye akimwona mwenye wazo humdhania mshindani. Kwa hiyo mkiajiri meneja kwa sababu alichekesha kwenye usaili, ulizeni kwanza anakwenda kuongoza watu gani.

Nimekuja pia na mfano wa karibu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la kurushia roketi la San Marco, baharini hapo mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei ya angani. Setilaiti ya Wamarekani, warushaji Waitaliano, bahari ya Kenya. Meneja wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, setilaiti ikaitwa Uhuru. Mataifa matatu, lugha tatu. Katika kazi ya kurusha roketi, desturi ni kila kituo kuulizwa kwa zamu: tayari, au si tayari? Kimya hakihesabiwi kuwa jibu. Hakuna aliyengoja kwanza Mtaliano awe Mmarekani.

Sisemi adabu za pwani si kitu. Kumkosoa mkubwa mbele za watu kwetu ni utovu wa adabu, na meneja anayelilazimisha hilo atapata tabasamu tu. Lakini wazee hao hao walisema mkubwa ni jaa: kila taka hutupwa kwake, naye anavumilia. Utamaduni huo huo unaofunga mdomo mkutanoni unamtwika mkubwa kazi ya kusikia pembeni. Basi mtafuteni mtu jikoni, au mtumieni yule mzee wa idara anayeheshimika. Na mkutanoni muanze na mdogo kazini, maana mkuu wa idara akishasema, hakuna atakayempinga. Acheni “kuna tatizo?” Ulizeni, “Kitu gani kitaharibika wiki hii?”

Yote hayo hayatafaa pale penye mkataba wa msimu. Masika ikiingia Aprili, hoteli nyingi hapa hupunguza watu, zingine hufunga milango. Anayechagua nani arudi Julai ndiye anayeuliza mkutanoni kuna tatizo gani. Mhudumu mwenye watoto shuleni hahitaji utamaduni wa Afrika Mashariki kumfundisha kunyamaza hapo. Mdenmark angenyamaza pia. Ningependa kabla hamjamwita mtaalamu wa semina, mkahesabu idarani mwenu wangapi wana kazi ya uhakika baada ya Aprili, na wale wanaosema mkutanoni ni wa kundi gani.

Sasa maswali. Mwenyekiti, naomba tusianze na mameneja.