Daftari la Kidijitali la Mkononi na Ahadi Tunazozitoa

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja.

Swali nililopewa ni fupi: je, vifaa vya kidijitali vya mkononi vya kupangia shughuli vinatufaa katika maisha ya kila siku? Nitalijibu mapema ili nisiwaache mkibahatisha ninakoelekea. Vinatufaa, lakini kwa kazi moja, nayo ni kutunza ahadi tulizotoa kwa wengine na kwa nafsi zetu, kisha kuturudishia kila ahadi wakati wake ukifika. Kazi hiyo nayo hufanyika pale tu ambapo mwenye kifaa anakiamini kiasi cha kuacha kuyabeba mambo hayo kichwani. Mengine yanayosifiwa kuhusu vifaa hivi nayaona kuwa mapambo.

Ninaposema vifaa hivi nina maana ya vile vinavyokaa kiganjani na kuhifadhi ratiba ya miadi, orodha ya kazi, anwani na maandishi mafupi, viwe vimesimama peke yake au vimo ndani ya simu. Historia yake si ndefu. Kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa Organiser yake ya kwanza mwaka 1984. Mwaka 1992 John Sculley, aliyekuwa akiiongoza Apple, alivitangaza vifaa vya aina hii kuwa wasaidizi binafsi wa kidijitali, na mwaka uliofuata Apple ikaleta Newton, iliyojaribu kusoma mwandiko wa kawaida wa mtu yeyote. Haikufaulu vizuri. Maneno yaliyoandikwa kwa kalamu yaligeuka kuwa maneno mengine kwenye skrini, kifaa chenyewe kilikuwa kikubwa mno kwa mifuko mingi, na mwaka 1998 kiliachwa.

Hapa naomba tusimame kidogo kwa Jeff Hawkins, mwanzilishi wa kampuni ya Palm iliyotengeneza vifaa hivi, kwa sababu alichofanya kinatufundisha kuhusu swali letu kuliko maelezo marefu ya kiufundi. Kabla ya kutengeneza kifaa chake alikata kipande cha mbao kinachoingia kwenye mfuko wa shati, akatembea nacho. Mtu alipomuuliza kama ana nafasi siku fulani, alikitoa kile kipande na kujifanya anatazama ratiba juu yake. Kwa njia hiyo aliona ni mara ngapi kwa siku mtu huhitaji kifaa cha namna hii, anakihitaji kwa jambo gani, na ukubwa gani unavumilika mwilini. Pilot, iliyotoka mwaka 1996, ilibeba mafunzo ya ule ubao. Skrini yake ilikuwa ya nukta 160 kwa 160, kumbukumbu ya toleo lake la bei nafuu zaidi ilikuwa kilobaiti 128, na betri mbili ndogo ziliiendesha kwa wiki kadhaa. Ilifanya mambo machache sana, lakini ilifunguka mara tu kitufe kinapobonyezwa. Badala ya kudai kuufahamu mwandiko wa kila mtu, ilimtaka mtumiaji ajifunze herufi zilizorahisishwa, karibu zote za mkupuo mmoja wa kalamu, na watu wengi walikubali kujifunza. Kilipowekwa kwenye kitako chake na kitufe kimoja kubonyezwa, kifaa kililandanisha, yaani kilifanya yalingane, yaliyomo ndani yake na yaliyomo kwenye kompyuta.

Kutokana na hayo napata kipimo ninachokiona kuwa bora kuliko vingine vyote: ni sekunde ngapi zinazopita kati ya wazo kuingia akilini na wazo hilo kuwa limeandikwa mahali ambapo utalikuta tena? Zikiwa sekunde 5, utaandika. Zikiwa 30, utajiambia kwamba utakumbuka, na hutakumbuka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi wetu tunauelewa usemi huo kwa upande wa fedha na bidhaa. Naamini muda nao ni mali ya namna hiyo hiyo. Kuna kukumbuka yaliyopita, kama vile jina la mtu uliyesoma naye, na kuna kukumbuka kufanya jambo ambalo wakati wake haujafika. Aina hii ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu hakuna mtu anayekuuliza. Jina la rafiki hulitafuta pale linapohitajika, lakini barua uliyopaswa kuituma saa nane haipigi hodi. Saa nane hupita kimya, nawe unagundua usiku, umeshalala.

Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zile walizozimaliza. Majaribio ya baadaye hayakutoa matokeo hayo kila mara, kwa hiyo nisingependa kujenga nyumba nzima juu yake. Kinachonigusa zaidi ni utafiti wa E. J. Masicampo na Roy Baumeister uliochapishwa mwaka 2011. Waliona kwamba lengo ambalo halijatimizwa huingilia mawazo ya mtu anapojaribu kusoma au kufanya kazi nyingine, lakini akipewa nafasi ya kupanga kwa uwazi atalitimiza vipi, usumbufu huo hupungua sana ijapokuwa jambo lenyewe bado halijafanyika. Tuzingatie neno kupanga. Kuandika tu «mwalimu wa mtoto» kwenye orodha hakukupumzishi. Kuandika kwamba utampigia simu mwalimu Alhamisi saa nne, baada ya kikao, kuhusu matokeo ya hisabati, kunakupumzisha. Kifaa kinachokuuliza siku na saa, na kisha kukuita siku na saa hiyo, kinakuvuta kwenye kupanga hata pale ambapo ulitaka kujiandikia neno moja la haraka.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ninaoufahamu unatoka kwa watu ambao kumbukumbu zao zimeumia. Huko Uingereza, Barbara Wilson na wenzake walichapisha mwaka 2001 jaribio lililohusisha watu 143, wengi wao wakiwa wameumia ubongo, ambao walipewa peja, yaani kifaa kidogo cha kupokea ujumbe mfupi, ya kuwakumbusha kazi zao za kila siku kama vile kumeza dawa na kwenda kwenye miadi. Zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza jaribio walifanikiwa kutimiza kazi hizo kwa kiwango kikubwa zaidi walipokuwa na kifaa kuliko walipokuwa hawana. Peja ile haikuwa na ratiba ya kupendeza wala michezo. Ililia, ikaonyesha maneno machache, basi. Ninapofikiri kwamba kwa baadhi ya watu hao mlio mdogo ulikuwa tofauti kati ya kujitegemea na kusubiri kuambiwa na mtu mwingine kila hatua, siwezi kuviita vifaa hivi anasa.

Je, daftari la karatasi halitoshi? Kwa wengi linatosha, na ninalisema hili kwa moyo mkunjufu. Karatasi haihitaji betri, inakuonyesha wiki nzima kwa mtazamo mmoja, na huandikwa haraka. Kasoro yake ni kwamba haina sauti: hukaa kimya mfukoni mpaka wewe mwenyewe uikumbuke. Jambo linalorudi mara kwa mara, mathalani dawa ya kila baada ya saa nane au kibali kinachohuishwa mara moja kwa mwaka, linakulazimu kuliandika upya na upya, ilhali kwenye kifaa huliandika mara moja. Anayemuuguza mzazi huku akiwa na ajira na watoto ndiye ninayemfikiria hasa, kwa kuwa siku yake imejaa mambo madogo yasiyofanana, na lolote kati ya hayo likisahaulika kuna mtu atakayeumia.

Kwa upande mwingine, yule ambaye siku zake zinafanana na shughuli zake ziko mahali pamoja hatapata faida kubwa. Wala hatapata anayeandika miadi mingine kwenye simu, mingine ukutani na mingine nyuma ya bahasha, kwa sababu hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo anapoweza kupaamini.

Kuaminika kuna sharti jingine nililojifunza kwa uchungu. Vifaa vingi vya zamani vilihifadhi kila kitu katika kumbukumbu iliyotegemea umeme, na betri zikiisha kabisa, yote yaliyoandikwa yalifutika. Niliwahi kukiacha changu kwenye droo wakati wa safari ndefu, na niliporudi nilikuta skrini tupu. Miadi ya miezi minne ilikuwa imepotea, nami sikuwa nimelandanisha kwa muda wote huo. Kilichonisumbua zaidi ni zile ahadi ambazo sikujua hata kwamba nilikuwa nimezitoa. Tangu hapo siamini kifaa kisichokuwa na nakala rudufu mahali pengine, na napendekeza msiamini.

Leo sehemu kubwa ya tatizo hilo imetatuliwa, kwa kuwa simu janja zimekimeza kifaa chenyewe. Safari hiyo ilianza mapema, kwa simu iliyoitwa Simon ya kampuni ya IBM mwaka 1994, na baada ya iPhone ya mwaka 2007 daftari la kidijitali lililosimama peke yake lilififia upesi. Simu hukaa nasi muda wote na nakala zake zinaweza kutunzwa mbali nayo. Lakini tumelipa kwa njia nyingine. Unaifungua ili uandike miadi, unakutana na jumbe tatu, na dakika kumi baadaye unaiweka mezani bila kuwa umeandika chochote. Zile sekunde ambazo Hawkins alipigana kuzipunguza zimerudi kwa mlango wa nyuma. Vilevile kengele ya dawa inalia kwa sauti ile ile inayotangaza punguzo la bei, na sikio likizoea kupuuza moja huzoea kupuuza zote. Ningemshauri kila mwenye simu azime arifa zote zisizotoka kwa binadamu anayemfahamu au kwenye ratiba yake, na aiweke ratiba hiyo kwenye skrini ya kwanza, peke yake ikiwezekana.

Kwa wale wanaoniuliza kama wanunue kifaa au programu fulani, huwaomba kwanza watembee na daftari dogo la karatasi kwa siku 14, waandike humo kila ahadi mara tu wanapoitoa, na walitazame asubuhi na jioni. Aliyefika siku ya 14 akiwa bado analitazama, kifaa kitamfaa sana, na anaweza kuchagua chochote kinachofunguka haraka. Ambaye daftari lake limebaki mezani tangu siku ya tatu asinunue chochote kwa sasa; aanze tena kesho, kwa ahadi moja tu kwa siku.