Mtazame Smith: nilivyojifunza kuandika na kuangalia kikapu komyuniti koleji

Haya jamani, habari za jioni. Wa nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeombwa niongee na nyie mnaoanza chuo mwezi huu, hasa mliopangiwa yale madarasa ya uandishi ya kujazia, ya kupitia kabla ya kozi zenyewe za chuo, nikasema ntakuja ila sina mbinu za kufaulu mtihani, nina insha moja na mechi moja tu. Kuandika kwangu na ushabiki wangu vilikua pamoja, mpaka leo nikijaribu kuvitenganisha nashindwa.

Mechi yenyewe wengi mnaijua. Jumapili ya tarehe 19 Juni 2016, fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mechi ya saba, Cleveland Cavaliers wako ugenini kwa Golden State Warriors pale Oracle Arena, Oakland. Mimi nlikuwa hapahapa Ohio, mwaka wangu wa pili tangu niingie Marekani, nafanya kazi stoo zamu ya usiku, na kitu pekee kilichokuwa kinanifanya nijione wa hapa ilikuwa ile timu. Warriors msimu ule walishinda mechi 73 wakapoteza 9, hakuna timu ilikuwa imewahi kufika huko. Kwenye fainali, ambapo anayewahi kushinda mechi nne ndiye bingwa, walishatangulia 3-1, na hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma 3-1 kwenye fainali za NBA ikabeba kombe. Sisi tukabeba. 93 kwa 89. Cleveland ilikuwa haijaona ubingwa wa ligi kubwa tangu 1964, Browns walipochukua kwenye futiboli ya Kimarekani, yaani miaka 52, kuna watu wamezaliwa wakakua wakaoa wakapata wajukuu hawajaona hata mmoja. Usiku ule natoka nje namkuta mzee jirani yangu, mtu ambaye salamu yako anaijibu kwa kichwa tu, amekaa kwenye ngazi za nyumba yake analia. Halafu akanishika mkono. Hatukuongea kitu.

Agosti nikaanza chuo. Kwa ambao bado hamjaelewa vizuri hizi komyuniti koleji, ni vyuo vya umma vya miaka miwili, cha kwanza kabisa kilianza 1901 kule Joliet, Illinois, na uzuri wake mkubwa ni kwamba mlango uko wazi, huulizwi ulipata ngapi sekondari, unakuja, na wakati wangu ulikuwa unafanya mtihani wa kukupanga darasa, halafu unaanzia pale ulipo. Ubaya wake ni huohuo mtihani. Mimi ulinitupa kwenye darasa la kujazia la uandishi ambalo krediti zake hazihesabiwi kwenye shahada, unalipia, unasoma muhula mzima, na kwenye shahada haziongezi kitu. Niliona nimedhalilishwa. Nyumbani nlikuwa naandika barua za ukoo mzima, leo naambiwa sijui kuandika! Kama kuna mtu humu ana hiyo hasira namwelewa kabisa, sitakwambia uiache.

Sasa kazi ya kwanza tukaambiwa tuandike kurasa tatu juu ya jambo tuliloshuhudia. Nikajua hapo hapo, mechi ya saba. Niliandika usiku mmoja baada ya zamu, nikaandika kwa moyo wote, LeBron James wa Cavaliers mfalme, LeBron mtoto wa Akron aliyeondoka 2010 akaenda Miami watu wakachoma jezi zake, akarudi 2014 akaahidi kombe na akaleta, nikaweka ajabu, nikaweka maajabu, nikaweka historia haijawahi kuona. Niliipenda ile insha. Nliipigia picha kabla sijaikabidhi.

Ikarudi wiki iliyofuata. Mwalimu alikuwa hajakwaruza sarufi hata kidogo na makosa yalikuwa mengi tu, alichofanya ni kupiga mstari kwa penseli chini ya kila neno la kusifia, kurasa zote tatu, mistari ilijaa kama daftari jipya. Na chini kabisa ameandika maneno mawili: Uliona nini?

Nlikasirika sana. Nikamfuata ofisini, nikamwambia mwalimu, niliona, kila mtu aliona, ile bloku, LeBron alivyouzuia mpira ukielekea golini, dunia nzima iliiona. Akanijibu taratibu tu, haya niambie, kabla ya bloku mpira ulikuwa kwa nani? Nikafungua mdomo. Sikujua. Mechi niliyoiangalia na marudio yake labda mara thelathini, na sikujua.

Nikaenda maktaba nikafungua video nikaanza upya, na daftari pembeni. Hapa naomba twende polepole maana ndio kiini cha nilichokuja kusema.

Matokeo ni 89 kwa 89. Klay Thompson wa Warriors ndiye aliyesawazisha, imebaki dakika 4 na sekunde 39. Baada ya hapo hakuna anayefunga. Timu mbili bora duniani, dakika karibu nne, sifuri kwa sifuri. Kwenye insha yangu zile dakika hazikuwepo kabisa, nliruka moja kwa moja kwenye bloku, kwa sababu kichwani kwangu pale hapakutokea kitu. Kumbe pale ndio pametokea kila kitu. Watu wamechoka, mitupo inafika mifupi, inagonga chuma cha mbele, unaona mchezaji ameshika kaptula yake magotini mpira ukiwa umesimama. Nikaandika hilo. Nikaandika ufupi wa mitupo.

Halafu, imebaki kama dakika 1 na sekunde 50, Kyrie Irving wetu anaingia ndani anakosa. Andre Iguodala wa Warriors anachukua ririboundi, yaani mpira uliokosa kuingia, wanaondoka mbio yeye na mwenzake Stephen Curry, anampa Curry, Curry anamrudishia, na mbele ya Iguodala amebaki mtu mmoja tu wa kwetu, J.R. Smith. Sasa kila mtu anajua mwisho wake, LeBron anatokea nyuma kama alirushwa na kitu, mpira unabandikwa kwenye ubao. Lakini rudisha. Iguodala anaruka, angeweza kuumaliza pale pale, ila Smith ameruka naye, mkono umenyooka, na Iguodala akiwa hewani inabidi aushushe mpira kidogo aupandishe tena aupitishe pembeni ya ule mkono. Ni kitendo cha kufumba na kufumbua. Ule ucheleweshaji ndio uliompa LeBron muda wa kufika. Smith hakuugusa mpira, kwenye karatasi ya takwimu za mechi ile ruka yake haimo popote, na bila yake mimi naamini Warriors wanaongoza kwa mbili na yule mzee jirani yangu halii.

Nilikaa kwenye kile kiti cha maktaba nikajisikia kama nimemuibia mtu. Miezi miwili nimeishangilia bloku ile kila mahali na jina la Smith sijawahi kulitaja.

Jumamosi yake nikampigia mama. Mama yangu hajawahi kuona mechi ya kikapu maishani mwake, ila mpira wa miguu anaupenda, na amekua akiusikiliza kwenye redio, kwa wale watangazaji wanaokuchorea uwanja mpaka ukiwa jikoni unajua winga yuko upande wa kibendera gani. Nikaanza kumsimulia kwa sifa zangu zile, akanikatisha. "Subiri kwanza baba, huyo mwenye mpira anatoka wapi anaenda wapi? Goli liko juu? Juu kiasi gani?" Futi 10, mama, kama mita tatu. "Haya. Na huyo wa nyuma alikuwa mbali?" Kila swali lake lilikuwa ndio lile swali la mwalimu. Nikamsimulia nusu saa nzima, kwa Kiswahili, na nilipofika kwa Smith anaruka, mama akasema "Eee, kumbe huyo ndiye aliyezuia." Nikakata simu nikaandika insha yote upya kwa Kiingereza changu hicho hicho kibovu, ila nikifuata nilivyomsimulia mama, nani yuko wapi, nani anaenda wapi, nani anamsubiri nani.

Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia acha Kiswahili ndio utajua kuandika Kiingereza, mimi hilo silikubali hata kidogo. Kusimulia kwa mpangilio nilikuwa nako tangu utoto, kilichokosekana ni kujua kuwa kinaruhusiwa kuingia darasani.

Darasani tulikuwa tunasomeana kazi. Na hili la watu wa komyuniti koleji lazima niliseme, darasa langu la saa 12 jioni lilikuwa na dada anayehudumia wazee kwenye nyumba za wazee anakuja na sare zake, mwanajeshi mstaafu, binti wa miaka 17 ambaye bado yuko sekondari anachukua kozi za chuo mapema, na baba mmoja ambaye mtoto wake alikuwa chuo kikuu tayari. Hamna wasomaji wazuri kama hao maana hawana muda wa kukubembeleza. Yule mwanajeshi hajali kikapu kabisa, aliposikiliza insha yangu mpya alisema nimemsahau mtu wa mwisho. Baada ya Irving kurudi hatua nyuma mbele ya Curry akatupia ule mtupo wa mbali wa pointi tatu, imebaki sekunde 53, ni 92 kwa 89, Warriors bado wana nafasi, sasa nani alimzuia Curry? Mimi nlikuwa nimeandika "Curry akakosa." Nikarudi tena kwenye video. Alikuwa Kevin Love wetu, mtu mrefu mzito ambaye kila mtu alikuwa anasema hana kasi ya kukaba, yuko peke yake na mtupaji hatari kuliko wote, Curry anaenda kushoto anarudi kulia anaupitisha mpira miguuni, na Love anateleza naye, anateleza naye, hadi Curry anatupia akiwa amebanwa. Akakosa. Hapo sasa ndio "akakosa" ikawa na maana.

Hilo likabadilisha na ushabiki. Kabla ya hapo nlikuwa shabiki wa kutukana, Curry nilikuwa namuita majina ambayo sitayarudia mbele yenu. Ukishamuangalia mtu sekunde kumi mara hamsini, unahesabu hatua zake, huwezi tena kumtukana, unaanza kuona alivyochoka na alivyojaribu kila kitu. Bado nilitaka afungwe! Hilo halijabadilika. Ila matusi yaliniisha.

Shahada ya miaka miwili mimi nimeichukua mitatu, kwa sababu ya kazi, na wengi wenu itakuwa hivyo hivyo msione aibu. Mwaka wa mwisho nikaanza kuandikia gazeti la chuo, na ndio mwaka timu yangu ilipovunjika. Julai 2018 LeBron akaenda Lakers, timu ya Los Angeles. Msimu ukaanza tukapoteza mechi sita mfululizo, kocha Tyronn Lue, yule yule aliyetupa kombe, akafukuzwa. Tukamaliza na ushindi 19, vipigo 63. Marafiki zangu karibu wote waliacha kuangalia, wengine wakahamia Lakers wiki hiyo hiyo.

Mimi nlibaki, na mara ya kwanza kabisa nlibaki kwa sababu nlikuwa na cha kuandika. Kulikuwa na kijana mgeni kwenye ligi, Collin Sexton, alicheza mechi zote 82 za msimu ule. Fikiria hiyo. Unafungwa 63 na hukosi hata moja. Nikaamua ntakuwa namuandikia yeye tu, kila wiki mbili aya chache, na jioni zote zile za vipigo zilinifundisha kuliko fainali, kwa sababu timu ikishinda maneno yanakuja yenyewe, timu ikifungwa na pointi ishirini Jumanne ya Februari hakuna neno linalokuja, inabidi uangalie. Mwanzoni dogo alikuwa akipata mpira anashusha kichwa anaingia ndani hata kama watu watatu wanamsubiri. Kuelekea mwisho wa msimu nikaanza kumuona anasimama kidogo kwanza, kichwa juu. Niliandika aya nzima juu ya kichwa chake. Mhariri wa gazeti, mwanafunzi mwenzangu mkali kweli, hakukata hata neno moja, na mimi hiyo siku sitaisahau, nliisoma kwenye basi huku nimeishikilia kwa mikono miwili.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu wachezaji waliopitia hivi vyuo vya miaka miwili. Wapo wengi, Jimmy Butler wa NBA alisoma Tyler kule Texas kabla ya chuo kikuu cha Marquette, Aaron Rodgers wa futiboli ya Kimarekani alicheza Butte College mwaka mmoja kisha ndio chuo kikuu cha California wakamchukua, Jackie Robinson mwenyewe wa besiboli alipita Pasadena. Ila wao sio sababu ya mimi kuja, na sitaki mtoke hapa mkiwaza kuwa chuo hiki ni kizuri kwa kuwa Rodgers alipita kwenye kimojawapo.

Nimekuja na video. Ni sekunde kumi na kitu tu. Mshazigawa zile karatasi? Kila mtu ana kalamu? Naomba wa pale mlangoni azime hiyo taa ya mbele. Ntaicheza mara moja muangalie mnavyotaka, LeBron huyo, shangilieni tu, halafu ntairudisha ya pili na safari hiyo mumwache LeBron kabisa, mtazame miguu ya Smith inatoka wapi, na mkono wake unafika wapi. Mkimaliza mniandikie mistari mitano, kwa lugha yoyote.

Tayari? Haya, inaanza.