Bafana Bafana 2010: dakika 45 za Bloemfontein

ZUHURA: Habari za muda huu wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi ni Zuhura, na kama kawaida niko na kaka yangu Baraka hapa Dar es Salaam. Leo tunarudi nyuma hadi mwaka 2010, Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Kaka, wewe ndiye uliyeiomba mada hii.

BARAKA: Nimeiomba kwa sababu inaniuma, dada. Kila Kombe la Dunia linapokaribia, Afrika Kusini wanakumbushwa jambo moja tu, kwamba wao ni wenyeji wa kwanza kutolewa hatua ya makundi. Ni kweli, hilo halifutiki. Lakini kijana ambaye hakuyaona mashindano yale akisikia hivyo anadhani Bafana Bafana, timu yao ya taifa, walikuwa kichwa cha mwendawazimu, kila anayepita ananyolea. Qatar walipokuwa wenyeji 2022 walifungwa mechi zote tatu. Bafana walimaliza na pointi nne, sawa kabisa na Mexico walioenda hatua ya mtoano. Kilichowatoa ni tofauti ya mabao.

ZUHURA: Haya, tuanze mwanzo. Maana wengi walikuwa wamewakatia tamaa hata kabla ya mpira kuanza.

BARAKA: Na walikuwa na sababu. Mwenyeji hahitaji kufuzu, lakini wao walishiriki mechi za kufuzu kwa sababu zilikuwa pia za AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2010 kule Angola. Wakashindwa kwenda Angola! Timu iliyotwaa AFCON nyumbani kwao 1996. Kocha Mbrazili Joel Santana akaondoka, akarudishwa Mbrazili mwenzake, Carlos Alberto Parreira, yule aliyeipa Brazil kombe la 1994. Parreira akawaweka kambini muda mrefu, Brazil kisha Ujerumani. Ukiwa na wachezaji wengi wa ligi ya ndani unaweza kufanya hivyo. Mwishoni mwa Mei wakaifunga Colombia 2-1, Juni wakaifunga Denmark 1-0. Ghafla watu wakaanza kuamini.

ZUHURA: Na sisi huku tulikuwa na homa yetu. Tarehe 7 Juni Brazil walikuja hapa Uwanja wa Taifa, sasa Uwanja wa Mkapa, siku nne kabla ya ufunguzi. Mimi nilikuwepo na baba. Tulifungwa 5-1, Kaká yuko pale, Robinho yuko pale, lakini Jabir Aziz alipofunga lile bao letu dakika za lala salama, baba alinikumbatia kama tumeshinda. Kwa hiyo Ijumaa ile ya tarehe 11 ilipofika, mtaa mzima ulikuwa bado uko juu.

BARAKA: Mimi nilikuwa kibanda umiza, Mbagala. Saa kumi na moja jioni. Mabenchi yamejaa, wengine wamekaa chini, joto, na jamaa mmoja ana vuvuzela humo humo ndani! Bafana na Mexico, Uwanja wa Soccer City kule Johannesburg, kuna watu zaidi ya 84,000. Lakini kumbuka, Mzee Mandela hakuwepo. Usiku uliotangulia kitukuu wake wa miaka 13 alifariki kwa ajali ya gari, wakati wa kutoka kwenye tamasha la kufungua mashindano. Wachezaji waliingia uwanjani na hilo moyoni.

ZUHURA: Na kipindi cha kwanza walionekana wana hofu.

BARAKA: Hofu kubwa. Mexico walikuwa wanapita watakavyo, Itumeleng Khune golini ndiye aliyetubakiza mchezoni. Mapumziko Parreira akamtoa beki wa kushoto, Lucas Thwala, akamwingiza Tsepo Masilela, timu ikatulia. Sasa dakika ya 55. Mpira unanyang'anywa nyuma, pasi fupi fupi katikati, kisha Kagisho Dikgacoi anapenyeza pasi ya mshazari upande wa kushoto. Siphiwe Tshabalala yuko mbioni. Hajaangalia nyuma, hajasita. Anausogeza mpira mbele, na kwa mguu wa kushoto anaupiga ukamvuka kipa Óscar Pérez, juu, pembe ya mbali. Golini pale hapafikiki hata kwa ngazi.

ZUHURA: Halafu ile ngoma!

BARAKA: Watano wamejipanga mstari mmoja pembeni mwa uwanja, wanacheza kwa hatua zinazolingana, utadhani harusini. Kule kibandani mwenye kibanda alizima feni ili tusikie vizuri. Lilikuwa bao la kwanza la mashindano, la kwanza la Kombe la Dunia kwenye ardhi ya Afrika, na Mwafrika ndiye aliyelifunga.

ZUHURA: Mimi nakumbuka zaidi kilichofuata. Dakika ya 79, krosi inatoka kushoto, mabeki wanapanda kuweka mtego wa kuotea, nahodha Aaron Mokoena anabaki nyuma. Rafael Márquez yuko peke yake, anafunga. Sare, bao moja kwa moja.

BARAKA: Na dakika ya 90 Katlego Mphela anabaki na kipa, mpira unagonga mwamba. Sentimita chache, dada! Ungeingia, tusingekuwa na mada hii leo.

ZUHURA: Hapo nakupinga kidogo. Mechi iliyowaua si ile. Ni ya tarehe 16, Loftus Versfeld, Pretoria, dhidi ya Uruguay. Tarehe hiyo Afrika Kusini ni Siku ya Vijana, wanawakumbuka watoto wa shule waliopigwa risasi Soweto mwaka 1976. Nchi nzima ilitaka kuwapa zawadi siku ile. Diego Forlán akapiga shuti la mbali, likamgusa Mokoena, likabadili njia, Khune akabaki anaangalia. Moja bila. Dakika ya 76 Khune akamwangusha Luis Suárez ndani ya boksi. Kadi nyekundu, penalti, na Steven Pienaar, mchezaji wao bora, anatolewa ili kipa wa akiba Moeneeb Josephs aingie. Forlán akafunga. Na watu wakaanza kuondoka uwanjani. Picha zile za viti vinavyobaki vitupu sitazisahau.

BARAKA: Lakini bao lililouma kuliko yote ni la tatu. Dakika ya 95, Álvaro Pereira. Watu wanalipita kama vile halina maana, mechi si ilishaisha? Hebu piga nami hesabu. Tarehe 22, Bloemfontein, mechi ya mwisho na Ufaransa, wale Ufaransa waliokuwa wamegoma kufanya mazoezi. Dakika ya 20 Tshabalala anapiga kona, Hugo Lloris anatoka anaukosa, Bongani Khumalo anafunga. Dakika ya 25 Yoann Gourcuff kadi nyekundu. Dakika ya 37 Mphela, mbili bila. Na muda huohuo kule Rustenburg, Suárez wa Uruguay anaifunga Mexico kabla ya mapumziko.

ZUHURA: Mapumziko nchi nzima ina kalamu mkononi.

BARAKA: Naam! Mexico wamebaki na tofauti ya mabao chanya moja, mabao matatu ya kufunga. Bafana wana hasi moja. Wanahitaji mabao mawili zaidi dhidi ya watu kumi, na dakika 45. Wakifika 4-0 wanalingana na Mexico tofauti, wanawapita kwa mabao ya kufunga. Sasa liondoe lile bao la dakika ya 95. Linahitajika bao moja tu! Timu inayohitaji moja inacheza kwa utulivu. Inayohitaji mawili inafungua milango, na ndivyo ilivyokuwa, Florent Malouda akafunga dakika ya 70.

ZUHURA: Mechi ikaisha 2-1. Mexico nao wakafungwa ile moja tu. Ndipo ninapokubaliana nawe, kaka. Wamemfunga fainalisti wa 2006 na bado wanafungasha virago.

BARAKA: Na vuvuzela hazikunyamaza. Pretoria watu waliondoka kabla ya filimbi, Bloemfontein walibaki.

ZUHURA: Na kura ya kupanga makundi ya Kombe la Dunia la 2026 iliwarudisha palepale: mechi ya ufunguzi, tarehe 11 Juni, Mexico na Afrika Kusini. Safari hii mwenyeji ni Mexico, uwanja ni Azteca.

BARAKA: Niliposikia kura ile nilisimama peke yangu sebuleni. Wasikilizaji, tutumieni ujumbe wa sauti: mlikuwa wapi Tshabalala alipofunga? Tutazicheza hapa kipindi kijacho, tukiwa na Ghana na ule mkono wa Suárez uliowazuia kufunga.

ZUHURA: Hapo nitakuja na leso.