Kabla ya Kuuliza Mlima, Uliza Handaki

Mabibi na mabwana, wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na baadhi yao wameshaanza kutabasamu. Hata hivyo nitakisema. Anayepanga kuzunguka Norwei ya magharibi kwa baiskeli asianze kwa kuuliza milima ina urefu gani. Aanze kwa kuuliza mahandaki yako wapi, na ni yapi yanayomkataza kupita.

Chukueni Aurland na Lærdal, kando ya fiodi ya Sognefjord, yaani mkono mrefu wa bahari ulioingia katikati ya milima. Ramani inaonyesha barabara kuu inayoviunganisha vijiji hivyo karibu moja kwa moja, na msafiri anajipa saa mbili. Kumbe mstari ule ni handaki la kilomita 24.5, lililofunguliwa mwaka 2000, refu kuliko mahandaki yote ya barabara duniani, na baiskeli haziruhusiwi humo. Inayobaki ni barabara ya zamani ya Aurlandsfjellet, ambayo huanzia karibu na usawa wa bahari, ikapanda hadi mita 1,306, kisha ikateremka kote ilikopanda, mwendo wa kilomita zipatazo 47. Majira ya baridi hufungwa kule juu mlimani, na hata mwezi Juni unaweza kupita katikati ya kuta za theluji. Saa zake mbili zimegeuka siku nzima, naye bado anaulaumu mlima!

Najua kuna atakayesema kwamba atawasha taa, atavaa koti linalong'aa na kupita usiku wa manane. Ndugu yangu, lori moja likiingia, mngurumo wake hujaa handaki zima hata usijue linatoka mbele au nyuma, na moshi wake utauvuta wewe unayehema. Ya chini ya bahari ni balaa zaidi: lile la Eiksund hushuka mita 287 chini ya usawa wa bahari, na ulikoshuka sharti upande.

Siwalaumu Wanorwei kwa kuchimba, kwa kuwa barabara nyingi za kando ya majabali zilikuwa zikifukiwa na theluji na mawe. Tena wametuachia neema. Kabla ya mdomo wa handaki, tazama upande wa maji: mara nyingi utaona njia nyembamba iliyozibwa kwa mawe makubwa ili magari yasipite, nyasi zikiwa zimeota katika nyufa za lami na kokoto za jabalini zimetapakaa. Hiyo ndiyo yako, ila uliza kwanza kama haijaporomoka mbele. Pengine hakuna njia kabisa: kutoka Flåm hadi Gudvangen utapanda boti kupitia fiodi ya Nærøyfjord, na sijasikia aliyejutia nauli hiyo.

Mwenyekiti anaangalia saa, basi niharakishe. Njia ya Rallarvegen, iliyojengwa kwa ajili ya kazi ya reli ya Bergen, ipitieni kutoka Haugastøl kwenda Flåm, wala si kinyume chake, maana Finse, kituo kilicho njiani, iko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, na mwisho wa safari ni baharini. Badilisheni mipira ya breki kabla ya kona za mteremko wa Myrdal, na penye changarawe nyingi shukeni mkokote. Hema, sheria ya mwaka 1957 inaruhusu kulipiga katika ardhi isiyolimwa, mita 150 kutoka nyumba ya mtu. Habari za gia naziacha. Mwenye swali la gia anione nje, mwenye swali la handaki aulize sasa.