Kisima cha Mafuta Kinapozeeka

(Mhadhara uliotolewa Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, mbele ya mafundi wa mabomba ya maji na wanafunzi wa ufundi)

Wazee wetu, heshima zenu. Mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaosomea mitambo, hamjambo.

Mada niliyopewa ni mitambo inayojiendesha kwenye visima vya mafuta na gesi vyenye mavuno madogo. Najua wapo wanaojiuliza: visima vya Buliisa na Kikuube ni vichanga, huyu anatuleteaje habari za visima vilivyochoka? Swali la haki, na nitaanza nalo.

Kisima cha mafuta huanza kuzeeka siku kinapofunguliwa. Mafuta hayajakaa chini kama ziwa. Yamo ndani ya vitundu vya mwamba, yamebanwa pamoja na maji na gesi, na kinachoyasukuma yaje kisimani ni shinikizo. Kila pipa likitoka, shinikizo linapungua. Unaweza kulisaidia kwa kurudisha maji ardhini, na mradi wa Tilenga, ule wa Buliisa, umepangwa hivyo, lakini huo ni ucheleweshaji tu. Zile namba tunazozisikia redioni, mapipa 190,000 kwa siku kutoka Tilenga na 40,000 kutoka Kingfisher, mradi wa Kikuube, ni za kilele. Kilele hudumu miaka michache, halafu mstari unaanza kuteremka, na mteremko huo ni mrefu kuliko kilele chenyewe.

Kuna namba nyingine mbili ambazo hazitajwi sana pamoja. Bonde letu la Albertine linakadiriwa kuwa na mapipa bilioni 6.5 ardhini. Yanayotazamiwa kutoka ni bilioni 1.4. Sehemu ya tano na kidogo. Hayo mengine yatabaki mwambani, na kiasi gani kitabaki kinategemea sana jambo hili: kisima kikishafika mahali pa kutoa kidogo, je, bado kinalipa gharama zake? Kisipolipa, kinafungwa, na kilichobaki chini kimebaki.

Sasa tutazame waliotutangulia. Marekani wamechimba mafuta tangu kisima cha Drake kule Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859. Leo zaidi ya robo tatu ya visima vyao ni vile wanavyovihesabu kuwa dhaifu, yaani visivyozidi mapipa 15 kwa siku, gesi ikiwa imegeuzwa kwenye kipimo hichohicho. Ni mamia ya maelfu ya visima, na vyote kwa pamoja vinatoa chini ya asilimia 10 ya mafuta ya nchi ile. Wenyewe ni kampuni ndogondogo, mara nyingine familia moja yenye gari moja na spana zake.

Tuweke hesabu hiyo katika jerikeni. Pipa moja ni lita 159. Kisima cha mapipa 10 kwa siku kinatoa takriban jerikeni 80 za lita 20. Utasema si haba. Lakini kisima kizee hakitoi mafuta matupu. Kinatoa mafuta na maji, na mara nyingi maji ndiyo mengi. Kila jerikeni ya mafuta imepanda na jerikeni kadhaa za maji ya chumvi, ambayo lazima uyatenganishe kisha uyapeleke mahali salama. Umeme unalipa wewe. Fimbo zikikatika unalipa wewe. Mtu wa kwenda kuangalia kila asubuhi, na dizeli ya pikapu yake, pia wewe. Faida ni nyembamba kiasi kwamba tengenezo moja kubwa linaweza kumeza mapato ya miezi.

Hapa ndipo mafundi wa maji mnaponisaidia, kwa sababu mtambo wenyewe mnaujua. Bomba la mkono la U2, hili ambalo wengi hapa mnaliita nayikondo, lina mkono juu, mnyororo, fimbo zinazoshuka ndani ya bomba, na huko chini silinda yenye pistoni. Pistoni ina vali yake, na chini ya silinda kuna vali nyingine. Pistoni ikipanda, vali ya chini inafunguka, maji yanaingia. Ikishuka, vali ya chini inafunga, ya pistoni inafunguka, maji yanapita juu yake. Pampu ya mafuta ile mnayoiona kwenye picha, yenye kichwa kinachoinama na kuinuka mchana na usiku, ni hiyohiyo. Umbo lake la leo, lenye uzito wa kusawazisha, lilitengenezwa na Walter Trout kule Lufkin, Texas, mwaka 1925. Mahali pa mkono wa mama anayechota pamewekwa mota. Fimbo zenu ni za mita 3. Zile ni za mita saba na nusu au tisa, zinaunganishwa moja baada ya nyingine hadi kina cha kilomita moja, mbili, hata zaidi.

Na ugonjwa wake mnaujua pia. Kiangazi, maji yakishuka, mkono wa bomba unakuwa mwepesi, halafu ghafla unagonga. Silinda haikujaa. Pistoni inashuka katika nafasi tupu, kisha inayapiga maji. Kwenye bomba la kijiji unasikia mlio na mikono inauma. Kwenye kisima cha mafuta, pigo hilo linapanda kupitia kilomita nzima ya chuma, mara kadhaa kila dakika, siku baada ya siku. Fimbo zinakatika, vali zinapasuka, gia juu inalia. Na kwa kisima dhaifu hiyo ndiyo hali ya kawaida, kwa sababu pampu ina nguvu kuliko mwamba. Chukua pampu inayoweza kuvuta mapipa 100 kwa siku, iweke kwenye kisima kinachotoa 8. Kazi yake halali ni chini ya saa mbili kwa siku. Saa nyingine 22 inakula umeme na kujipiga yenyewe.

Kwa hiyo, tunapozungumzia mtambo unaojiendesha kwenye kisima dhaifu, msifikirie mashine ya kuvuta zaidi. Kinachotakiwa ni mashine inayotambua kwamba chini hakuna kitu.

Zamani walitumia saa: pampu inazunguka dakika 15, inapumzika dakika 45, mchana kutwa. Ilisaidia, lakini saa haijui kilicho kisimani. Suluhisho lilikuja kwa kupima uzito. Juu ya kisima, pale fimbo inapofungwa, panawekwa kipimo cha mzigo, na kwenye mkono wa pampu kipimo cha mahali ulipo. Vipimo hivyo viwili vinachora mchoro kwa kila mzunguko. Lakini fimbo ndefu hivyo huvutika kama mpira, na unachokipima juu sicho kinachotokea chini. Mwaka 1963 Sam Gibbs, mtafiti wa kampuni ya Shell, alichapisha njia ya kukokotoa mwendo wa mawimbi ndani ya fimbo, na kwa njia hiyo mchoro wa juu ukaweza kugeuzwa kuwa mchoro wa pampu kule chini. Kwangu mimi, hakuna hesabu iliyookoa chuma kingi katika kazi hii kuliko hiyo. Pampu ikijaa, mchoro unakaribia mstatili. Isipojaa, pembe ya chini upande wa kulia inaliwa, na kadiri inavyoliwa ndivyo silinda ilivyo tupu.

Siku hizi hesabu hiyo inafanywa na kisanduku kilichofungwa kwenye nguzo kando ya kisima. Fundi anakipa mpaka, tuseme ujazo wa silinda ukishuka chini ya asilimia 80. Mizunguko michache mfululizo ikiwa chini ya hapo, mota inazimwa. Kisima kinakusanya mafuta, muda ukifika inawaka, inapima tena. Vile vya kisasa vinarekebisha muda wa kupumzika vyenyewe, na vinatuma ujumbe kwa redio au mtandao wa simu. Fimbo ikikatika saa nane za usiku, mzigo unaanguka ghafla, kisanduku kinazima mota na kutoa taarifa. Bila hicho, pampu ingetingisha hewa hadi mtu apite kesho yake.

Gesi ina mkasa wake. Kisima cha gesi kikiwa na nguvu, gesi inapanda kwa kasi na kubeba matone ya maji. Nguvu ikipungua, matone yanarudi chini na kujikusanya. Mita 100 za maji ndani ya bomba zinakandamiza kwa takriban bar 10, yaani kama mara kumi ya shinikizo la hewa, na kisima kizee kinaweza kuwa na zaidi kidogo tu ya hapo. Kinasongwa na maji yake chenyewe. Dawa yake inanipendeza kwa urahisi wake: kipande cha chuma, pistoni isiyofungwa na fimbo wala kamba. Vali ya juu inafungwa, chuma kinaanguka hadi chini kabisa, kinapita ndani ya maji. Gesi inajikusanya. Vali inafunguliwa, gesi inakisukuma chuma juu na maji yote yaliyo mgongoni mwake. Mwendo unaotakiwa ni kama mita 230 kwa dakika, kwa hiyo kwenye kisima cha mita 1,500 safari ni dakika sita na nusu hivi. Sensa juu inakisikia kikifika. Kimechelewa? Kidhibiti kinaongeza muda wa kufunga. Kimewahi mno, kinaupunguza, maana chuma hicho kikija kikavu kinaweza kuvunja kichwa cha kisima. Hakuna mota hapo. Nguvu ni ya gesi yenyewe. Kinachohitaji umeme ni kisanduku tu, na paneli ndogo ya jua inatosha.

Nataja paneli kwa makusudi. Miaka mingi vidhibiti vya namna hii viliendeshwa kwa gesi ya kisima, na kila vali ilipojigeuza gesi kidogo ilitoka hewani. Methani, kwa hesabu ya miaka 20, inapasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Tukianza leo hatuna sababu ya kununua teknolojia hiyo ya zamani, hata ikiuzwa bei ya kutupa.

Sasa nirudi nyumbani, kwani hapa nina ubishi na wauzaji wa mitambo. Mafuta yetu yana nta. Yakipoa kufikia nyuzi 40 hivi yanaanza kuganda, na ndiyo maana bomba la kutoka Kabaale hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linapashwa joto njia nzima. Fikirini sasa kisima chetu cha baadaye, dhaifu, kinachotoa polepole. Mafuta yanapanda taratibu, yanapoa njiani, nta inashika kuta. Ukikifunga kisanduku cha Texas kinachozima pampu saa nzima, mafuta yaliyo ndani ya bomba yanapoa zaidi. Ukija kuwasha, unavuta mshumaa. Kinachofaa kule hakitatufaa hivihivi. Maoni yangu ni kwamba sisi tutahitaji kupunguza mwendo badala ya kusimama: mota yenye kidhibiti kasi, inayoenda polepole silinda ikipungua, bila kulala. Pampu ya skrubu inayozunguka, ile iliyobuniwa na Mfaransa René Moineau miaka ya 1930, inapenda mwendo wa polepole na haiogopi mafuta mazito, ila nayo ikiachwa ikauke mpira wake unaungua kwa dakika chache. Kwa hiyo sensa bado inahitajika.

Kuhusu kazi, kama kisanduku kitawanyima ajira, maana naona mikono imeinuliwa. Ndiyo, kisanduku kinapunguza mizunguko ya pikapu. Sehemu ya visima vya Tilenga imo ndani ya mbuga ya Murchison, na gari moja pungufu kwa siku mule si hasara. Lakini kisanduku hakibadilishi vali. Hakitoi fimbo kilomita moja chini. Na kinadanganywa: gesi ikiingia kwenye silinda, mchoro unafanana na wa silinda tupu, na kisanduku kinazima kisima chenye mafuta tele. Anayegundua ni fundi. Anapiga mlio kwenye nafasi iliyo kati ya mabomba mawili, anasikiliza mwangwi unarudi baada ya muda gani, anapata kimo cha mafuta. Kusoma mchoro ule na kupima kwa mwangwi vinaweza kufundishwa hapa Kigumba sasa hivi, kwa kutumia visima vya maji.

Mzee mmoja ameandika kwenye karatasi: kampuni kubwa zikiondoka, nani atabaki na visima? Marekani kampuni kubwa ziliviuza kwa ndogo, ndogo zikafilisika, na sasa kuna zaidi ya visima 100,000 vilivyoorodheshwa ambavyo havina mwenyewe. Mwaka 2021 Bunge lao lilitenga dola bilioni 4.7 za kuviziba na kusafisha maeneo yake. Sheria yetu ya petroli ya mwaka 2013 inataka uwepo mfuko wa fedha za kufungia visima na kuondoa mitambo, unaochangiwa wakati mafuta bado yanatoka. Kwa hiyo, mzee, siku kampuni ndogo itakapokuja kuomba kisima kizee na kisanduku chake mkononi, la kwanza kuulizwa ni salio la mfuko huo kwa kisima kile. Bei ya kisanduku tutaizungumza baadaye.