Chombo kikiwa majini hakina bei

Asalaam aleikum jamani. Wale wa nyuma sogeeni, sauti yangu siku hizi haishindani na upepo. Nimeambiwa niongee habari ya kuuziana vyombo vya baharini vilivyotumika, na wengi hapa mshajua nitasema nini maana hata wanangu nyumbani wananicheka kwa hili. Nacheka nao halafu narudia palepale: usitaje bei ya chombo kikiwa majini. Hata kama mwenye nacho ni shemeji yako.

Mashua inayoelea haionyeshi ubaya wake. Mbao zimevimba kwa maji, mianya imejiziba yenyewe, wewe unaona mlingoti umenyooka basi unaanza kupiga hesabu za samaki. Mimi yalinikuta. Nilinunua mashua ya bluu milioni 4 na nusu, rangi bado inanukia, na kwa ujinga wangu nikaisifia hiyo rangi! Mtu anapaka rangi wiki anayouza, we unampongeza. Nikambembeleza mpaka akapunguza laki 2, nikajiona mjanja kweli, soda nikanunulia watu. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kukupwa sana, zilipofika nikaipandisha, maji yakakupwa ikalala mchangani, fundi akaja na kisu chake cha kumenyea mihogo, akachoma pembeni ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo kule chini, wallahi kisu kikazama mpaka mpini. Kama boga. Akasogea hatua moja akachoma tena, boga. Mataruma, zile mbavu za mashua, 7 yameoza, mbao 3 za chini wadudu wameshazila ndani kwa ndani, nje huoni kitu, na sehemu moja mtu kajaza saruji kisha kapaka rangi juu. Saruji, kwenye mashua! Fundi aliniangalia tu hakusema neno, na ndo kilichoniuma zaidi. Zile laki 2 hazikufika hata kwenye bei ya mbao.

Sasa kuna mmoja hapo anasema moyoni mzee, nikingoja bamvua mwingine atanunua. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani hungoji zaidi ya wiki 2. Na huyo "mwingine anakuja jioni na hela taslimu" mimi nasikia habari zake mwaka wa 30 huu, sura yake sijaiona. Mwingine atasema nikichoma kisu chombo cha jirani atanuna. Anune. Mbao ikiwa nzima kisu hakiingii, sasa ananuna nini?

Hapo mchangani ndo mnapatana. Na usianze na "punguza kidogo bwana", kidogo ndo shilingi ngapi? Fundi ahesabu mbao za kubadili, mataruma, misumari, pamba na mafuta ya kukalafatia, yaani kuziba mianya ya mbao, siku zake za kazi, mjumlishe mwenye chombo akiwa anasikia, hiyo jumla ndo inatoka kwenye bei. Hapo hubishani na mtu, mnabishana na mbao.

Nyie wauzaji msicheke, zamu yenu. Chombo kilichokaa juu miezi 3 ukikishusha lazima kivuje, mbao zimekauka. Mnunuzi akiona maji ndani anaanza kupiga kelele anataka nusu bei. Usimpe! Mwambie kikae majini siku 2 au 3 mbao zivimbe, kikizidi kuvuja ndo tuongee. Wangapi wametoa mashua nzima kwa bei ya kuni sababu ya woga wa siku moja?

Mashine sasa, haraka haraka maana naona watu wanaangalia saa. Bei yake iwe mbali na ya chombo, msichanganye. Ishike kabla haijawashwa, ukikuta ina joto ujue washaihangaikia kabla hujafika. Ikiwaka tazama maji ya kupoza yanatoka vizuri. Oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa, chumvi ishaingia humo. Namba ikiwa imekwanguliwa geuka urudi kwenu, hiyo sio bei rahisi, hiyo ni kesi. Karatasi za usajili, mashahidi, kuuliza kama mwenye chombo anadaiwa na tajiri wa samaki, hayo mnayajua. Madalali nao nilikuwa na hoja nao lakini nawaona wawili wamekaa hapa mbele, basi tuyaache.

Maji yameshakupwa. Yule anayeuza ile ya kijani pale asikimbie, kisu ninacho.